Bembea Kongwe: Kuibadilisha Hadithi, Kuifufua Mitambo au Kuibomoa? Ulinganisho wa Gharama

Hakuna bustani kubwa ya burudani isiyofikiwa na siku ambayo bembea yake maarufu imechoka. Rangi imefifia, watoto wa leo hawawajui tena wahusika wake, sanamu mbili tatu zimeganda hazigeuzi shingo, na foleni imefupika. Hapo huletwa mezani mapendekezo manne: ivikwe pambo la msimu, ibadilishwe hadithi huku mtambo ukibaki, ubadilishwe mtambo huku hadithi ikibaki, au ibomolewe ijengwe nyingine. Nasema bembea kwa maana pana, chombo chochote cha kupanda: mashua, treni ya milimani (ile ya kasi inayopanda na kushuka juu ya reli, roller coaster, ambayo hapa naiita treni tu), lifti inayodondoka, hata chumba kinachotikisika mbele ya skrini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Bei ya mabadiliko haiamuliwi na hadithi mpya. Huamuliwa na kilichojificha chini ya rangi: reli, mabomba, injini, nyaya na jengo lenyewe. Anayeanza kwa kuchagua mhusika wa filamu, halafu ndipo amwite fundi, yuko katika hatari kubwa ya kulipa mara mbili.

Tunalinganisha kwa kipimo gani? Kampuni kubwa hazina desturi ya kutangaza bei ya kila bembea, na tarakimu nyingi zinazozungushwa na mashabiki hazikutoka kwa mwenye mali. Ila kuna kipimo ambacho hakifichiki, nacho ni tarehe ya kufungwa na tarehe ya kufunguliwa. Siku za kufungwa ni pesa. Chukua, kwa mfano, bembea inayopakia watu 1,000 kwa saa, inayofanya kazi saa 10 kwa siku. Ikifungwa siku 500, safari milioni 5 zimepotea, na watu waliokwisha kulipa kiingilio wanahamia kwenye foleni za bembea nyingine na kuzirefusha. Mkandarasi haandiki hasara hiyo kwenye makadirio yake, kwa hiyo mwenye bustani lazima aiandike mwenyewe.

Pambo la msimu

Hili ndilo chaguo jepesi, nami nalipitia upesi. Disneyland ya California ina Haunted Mansion, nyumba ya mizimu iliyofunguliwa mwaka 1969. Tangu 2001, kila inapokaribia Halloween, hufungwa kwa muda mfupi, huvikwa mapambo, sanamu na muziki wa msimu, kisha sikukuu za mwisho wa mwaka zikipita hurudishwa ilivyokuwa. Mwaka 2015 Space Mountain, treni ya kasi ya hapo hapo, ilipewa sauti na picha za vita vya angani, jina likawa Hyperspace Mountain kwa msimu, reli ikiwa ile ile.

Faida yake kubwa ni kwamba inarudi nyuma. Wageni wasipoipenda, mwakani huileti tena. Gharama zake ni za kujirudia: ghala la kuhifadhia mapambo, mafundi wa kufunga na kufungua, na siku za kufungwa mara mbili kila mwaka. Lakini pambo linafaa tu pale ambapo bembea yenyewe bado ni nzima na bado inapendwa. Kuiwekea bembea mbovu pambo la msimu ni kuahirisha bili, na bili ya mtambo unaochakaa hukua kadiri inavyoahirishwa.

Hadithi mpya juu ya mtambo wa zamani

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa na ndipo nyingi hupotea. Hoja ya wanaolipenda chaguo hili inaeleweka: reli ipo, jengo lipo, msingi ulishamwagwa zege miaka mingi iliyopita, kwa nini tuvunje? Kuna mifano inayowapa haki kabisa, na mingine inayowapinga vikali.

Tuweke mitatu bega kwa bega. Wa kwanza ni jengo la lifti inayodondoka katika Disney California Adventure. Lilifunguliwa mwaka 2004 kama hoteli yenye mizimu, Tower of Terror. Lilifungwa mwanzoni mwa Januari 2017, na tarehe 27 Mei mwaka huo huo likafunguliwa likiwa na jina jipya na wahusika wa filamu ya Guardians of the Galaxy. Chini ya miezi mitano. Wa pili uko Epcot, bustani ya Disney huko Florida: safari ya mashua ya banda la Norway, Maelstrom, iliyoanza mwaka 1988. Ilifungwa Oktoba 2014 na kufunguliwa kama Frozen Ever After tarehe 21 Juni 2016. Miezi 20, ingawa njia ya maji ilikuwa ile ile na mashua ni za muundo ule ule. Wa tatu ni Splash Mountain, safari ya majini ya Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney huko Florida, iliyofungwa Januari 2023 na kufunguliwa kama Tiana's Bayou Adventure tarehe 28 Juni 2024. Miezi 17.

Zote tatu zilibakiza mtambo. Kwa nini moja ilichukua robo ya muda wa nyingine? Jibu liko katika kile ambacho abiria anakitazama akiwa safarini. Ndani ya lifti, abiria huona hasa milango ikifunguka mbele ya skrini, kisha anarushwa juu na kuangushwa. Badilisha filamu, muziki, mpangilio wa mishuko, mapambo ya foleni na sura ya nje, na kazi kubwa imekwisha. Ndani ya mashua, abiria hupita mbele ya mandhari moja baada ya nyingine, na kila mandhari ina sanamu za mitambo zinazopepesa macho, kuimba na kuinua mikono. Kila sanamu inataka kuchongwa, kuvishwa, kupangiwa mwendo, kuunganishwa na umeme na kompyuta ya uendeshaji, kisha kujaribiwa pamoja na zenzake ili midomo ifuate wimbo. Hiyo ndiyo kazi inayokula miezi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kubadilisha hadithi liwe hili: mgeni anaona sanamu ngapi, na anaona skrini ngapi? Bembea ya skrini hubadilishwa kwa bei nafuu zaidi kuliko ya sanamu. Universal Studios Florida ilichukua jengo na mfumo wa Back to the Future: The Ride, ya mwaka 1991, ikaufanya The Simpsons Ride mwaka 2008. Star Tours ya Disneyland, iliyofunguliwa 1987, ilifungwa Julai 2010 na kurudi Juni 2011 ikiwa na filamu mpya zinazochanganywa, hivi kwamba safari mbili za mfululizo huenda zisifanane. Nawapongeza waliobuni hilo, kwa sababu baada ya hapo waliweza kuongeza sehemu mpya bila kuvunja ukuta. Lakini picha ya skrini huzeeka haraka. Sanamu nzuri ya miaka ya 1960 bado humfanya mtoto afungue mdomo, ilhali picha za kompyuta za miaka 15 iliyopita huonekana za kale hata kwa macho ya mtoto huyo huyo. Unaponunua unafuu wa leo, hesabu pia kwamba utairudia kazi mapema zaidi.

Kuna njia ya kupunguza bei ya sanamu, nayo ni kuzitumia tena. Splash Mountain yenyewe, ilipofunguliwa Disneyland mwaka 1989, ilijazwa sanamu nyingi za wanyama zilizotoka America Sings, onyesho lililofungwa mwaka mmoja kabla. Hali kadhalika Superstar Limo, safari ya magari ya California Adventure iliyodumu karibu mwaka mmoja tu tangu 2001: reli na magari yake, pamoja na baadhi ya sanamu zake, vilitumika tena katika safari ya Monsters, Inc. iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2006. Nauona mfano huu wa Superstar Limo kuwa bora kuliko yote ya aina yake, maana mtambo ulikuwa bado mpya na wa kutosha. Kilichokuwa kibovu ni hadithi. Penye hali hiyo, badilisha hadithi bila kusita.

Splash Mountain inastahili neno moja zaidi. Hadithi yake ya zamani ilitokana na filamu ya mwaka 1946 iliyokosolewa kwa miongo mingi kwa namna ilivyowachora watu weusi wa Kusini mwa Marekani. Mabadiliko yalitangazwa Juni 2020. Katika hali kama hiyo huwezi kulinganisha gharama ya kubadilisha na gharama ya kuacha kana kwamba kuacha ni bure. Heshima ya wageni ina thamani, na bustani inayoiuzia familia furaha haiwezi kuifungia macho. Hata hivyo Tokyo Disneyland, ambayo humilikiwa na kampuni nyingine, imeendelea na ile ya zamani. Bembea moja, wenye mali wawili, maamuzi mawili.

Sasa upande wa hasara. Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa ni Rocket Rods ya Disneyland. Kulikuwa na PeopleMover, treni ndogo ya polepole iliyopita juu ya nguzo tangu 1967 hadi 1995. Wakaamua kutumia njia ile ile kwa magari ya kasi. Reli ilikuwa tambarare kwenye kona, kwa sababu treni ya polepole haihitaji kona iliyoinamishwa. Kuinamisha kona zote kungegharimu fedha ambazo bajeti haikuwa nazo. Basi magari yakaenda mbio kwenye mnyooko, yakafunga breki kabla ya kila kona, yakaongeza mwendo tena, mchana kutwa. Yakaharibika ovyo. Bembea ilifunguliwa Mei 1998 na ikasimama Septemba 2000, isirudi tena. Nguzo zake bado zipo hadi leo, juu ya vichwa vya wapita njia, hazibebi kitu. Aliyeokoa gharama ya kona alipoteza bembea nzima, pamoja na PeopleMover iliyopendwa.

Somo lake ni la kiufundi: mtambo ulibuniwa kwa mwendo fulani, uzito fulani na idadi fulani ya watu. Hadithi mpya ikidai zaidi ya hapo, si mtambo wako tena. Idadi ya watu husahaulika kuliko yote. Maelstrom ilijengwa kuhudumia banda moja tulivu la Epcot. Ilipopewa wahusika waliopendwa na watoto duniani kote, mashua zikabaki na nafasi zile zile, na foleni za siku za mwanzo zikafika saa kadhaa. Ukipata hadithi inayovuta umati mara tatu bila kuongeza kiti hata kimoja, umenunua malalamiko.

Na kuna kosa la kudharau kumbukumbu. Mwaka 1983 Epcot ilifungua Journey into Imagination, yenye joka dogo la zambarau liitwalo Figment. Mwaka 1998 ilifungwa, mwaka 1999 ikarudi ikiwa imefupishwa na Figment karibu ameondolewa kabisa. Wageni walikasirika kiasi kwamba 2001 ilifungwa tena, na mwaka 2002 ikafunguliwa Figment akiwa amerudishwa hadi kwenye jina. Bembea moja ilifanyiwa mabadiliko mawili ndani ya miaka minne. Kumpeleka mtu langoni akaulize familia wanachokipenda kwenye bembea ile kungekuwa gharama ndogo mno ukilinganisha na hiyo.

Mtambo mpya, hadithi ile ile

Chaguo hili halipendwi na watu wa matangazo kwa sababu halina cha kutangaza. Unatumia mamilioni, na mgeni anaingia anasema mbona ni ile ile. Mimi nalipenda zaidi kuliko yote, pale ambapo bembea bado ina wapenzi.

Space Mountain ya Disneyland ilifunguliwa 1977. Mwaka 2003 ilifungwa, na ndani ya kuba lile lile jeupe reli yote ikang'olewa na kuwekwa mpya kwa mkondo ule ule. Ilirudi Julai 2005, bustani ilipokuwa ikitimiza miaka 50. Zaidi ya miaka miwili ya kufungwa kwa ajili ya kitu ambacho mgeni wa kawaida anaweza asikigundue! Lakini alichokinunua mwenye bustani ni miongo mingine ya maisha. Uingereza, Alton Towers walifanya vivyo hivyo kwa Nemesis ya mwaka 1994, treni inayoning'inia chini ya reli na kupita katikati ya mashimo ya miamba. Ilifungwa Novemba 2022, ikapata reli mpya kwa mkondo wake wa zamani, ikarudi Machi 2024 kwa jina Nemesis Reborn. Hapo waliongeza hadithi kidogo na rangi mpya, hivyo hata watu wa matangazo wakapata la kusema. Kwangu huo ndio uwiano mzuri.

Linganisha na walichofanya Alton Towers kwenye bembea nyingine, Air, ya mwaka 2002. Mwaka 2016 waliipa jina Galactica na kuwavalisha abiria miwani ya kompyuta ili waone anga za juu wakiwa wananing'inia. Mtambo haukuguswa sana. Lakini miwani inataka kuvaliwa, kurekebishwa na kusafishwa kwa kila abiria, na kila sekunde inayoongezwa kituoni hupunguza idadi ya watu kwa saa. Miaka michache baadaye miwani iliondolewa, na jina likabaki. Ukiziweka bembea hizi mbili za bustani moja sambamba, utaona fedha iliyoingia kwenye chuma inadumu kuliko iliyoingia kwenye kifaa.

Kwa treni za mbao kuna njia ya katikati. Mbao huteseka kwa jua, mvua na mtikisiko, na treni kubwa ya mbao hudai mafundi kila siku. Six Flags Over Texas ilikuwa na Texas Giant tangu 1990, iliyosifiwa ujanani na kulaaniwa uzeeni kwa kugongesha migongo ya watu. Mwaka 2011 ilirudi kama New Texas Giant: nguzo za mbao zikabaki kwa sehemu kubwa, juu yake ikawekwa reli ya chuma ya kampuni ya Rocky Mountain Construction. Gharama iliyotajwa hadharani ilikuwa dola milioni 10. Kwa treni ya ukubwa ule, hiyo ni bei ya kuonea wivu. Cedar Point ya Ohio ikafuata njia hiyo kwa Mean Streak ya 1991, ikaifanya Steel Vengeance mwaka 2018, ambayo leo iko katika orodha za juu za wapenzi wa treni hizi.

Cedar Point hiyo hiyo inaonyesha pia hatari yake. Top Thrill Dragster ya mwaka 2003 iligeuzwa kuwa Top Thrill 2, ikiwa na mfumo mpya wa kurusha treni na mabehewa mapya. Ilifunguliwa Mei 2024, ikasimama baada ya siku chache tu kwa sababu ya mabehewa, na ikakosa msimu uliobaki. Ilirudi 2025. Unapounganisha mtambo mpya na mnara wa zamani, usiahidi tarehe ya kufungua kwa ujasiri, na weka akiba. Kwa maoni yangu, akiba isiyofika robo ya bajeti kwenye kazi ya aina hii ni kujidanganya.

Kubomoa

Watu huogopa neno hili, wakidhani ndilo ghali siku zote. Tazama tarehe. Islands of Adventure ya Orlando ilikuwa na treni mbili pacha za Dueling Dragons tangu 1999. Mwaka 2010 zilipewa jina jipya, Dragon Challenge, na kuingizwa kwenye ulimwengu wa Harry Potter. Lilikuwa badiliko la bei ndogo: foleni mpya, mabango mapya, treni zile zile ambazo hazikuwa na uhusiano mkubwa na hadithi. Septemba 2017 zikafungwa, zikang'olewa, na Juni 2019 mahali pale pakafunguliwa treni mpya kabisa ya pikipiki ya Hagrid. Kuvunja na kujenga upya kulichukua takriban miezi 21.

Irudie hesabu ile ya Maelstrom: miezi 20 kwa kubadilisha hadithi peke yake. Kwa upande wa muda, basi, kubomoa hakukuwa mbali na kubadilisha. Tofauti ni fedha ya ujenzi, ambayo bila shaka ni kubwa zaidi, lakini upande wa pili umepata bembea iliyobuniwa tangu mwanzo kwa hadithi yake, kwa idadi ya watu inayotarajiwa, na kwa kanuni za usalama za leo. Na ile fedha ya 2010, hata kama ilikuwa kidogo, ilidumu miaka saba tu.

Kubomoa si lazima kufute kumbukumbu. Efteling ya Uholanzi ilikuwa na Spookslot, ngome ya mizimu ya mwaka 1978, ambapo wageni walisimama wakitazama mandhari ikicheza kwa muziki wa Camille Saint-Saëns. Ilifungwa Septemba 2022 na kubomolewa. Tarehe 31 Oktoba 2024 pakafunguliwa Danse Macabre, bembea mpya yenye jukwaa linalozunguka, na muziki ni ule ule. Mtambo mpya, jengo jipya, roho ya zamani. Nao Europa-Park ya Ujerumani, moto ulipoiteketeza safari yao ya mashua ya maharamia wa Batavia mwezi Mei 2018, walibaki na kiwanja kitupu na uhuru wa kuchagua hadithi yoyote. Wakawajenga maharamia wale wale, wakafungua Julai 2020. Wenye bustani hiyo ni familia ya watengeneza bembea, na uamuzi wao naupa uzito.

Bili zinazokuja nyuma

Haki za wahusika ndizo hatari zaidi. Ukikodi jina la filamu, unalipa kuingia na siku moja utalipa kutoka. Mwaka 2006 kampuni ya Cedar Fair ilinunua bustani za Paramount kwa dola bilioni 1.24, lakini ruhusa ya kutumia majina ya filamu haikuwa ya kudumu. Ilipofika 2008, Kings Island ya Ohio ilikuwa inabandua majina: Tomb Raider: The Ride ikawa The Crypt, treni ya The Italian Job ikawa Backlot Stunt Coaster. The Crypt, ikiwa imepoteza muziki wake, ilifungwa 2011. Backlot Stunt Coaster inaendelea, kwa sababu mwendo wake ulikuwa mzuri hata bila jina. Kabla ya kukodi mhusika, jiulize bembea itakuwa na thamani gani siku atakapoondoka.

Kisha sheria. Majengo ya giza ya zamani yalijengwa kabla ya kanuni kali za moto. Tarehe 11 Mei 1984 vijana 8 walikufa katika moto ndani ya Haunted Castle, nyumba ya mizimu ya Six Flags Great Adventure, New Jersey. Baada ya msiba huo kanuni za majengo ya namna hiyo zilikazwa nchini Marekani, pamoja na suala la mabomba ya kunyunyiza maji na vihisi moshi. Ukifungua kuta za jengo kongwe kwa ajili ya hadithi mpya, tarajia mkaguzi atadai njia za kutokea, nyaya na vizima moto vya leo. Fedha hiyo isilalamikiwe hata shilingi.

Kwa watu wenye ulemavu, kanuni za Marekani zinatofautisha: bembea mpya lazima iwe na namna ya kumpakia anayetumia kiti cha magurudumu, na bembea ya zamani huingia kwenye sharti hilo pale ambapo muundo au mwendo wake umebadilishwa kiasi cha kutofautiana na ulivyobuniwa awali. Ndiyo maana wengine hung'ang'ania kubadilisha rangi na sanamu tu. Kisheria wanapita. Lakini kama bembea imefungwa mwaka mzima na kituo kimevunjwa, huo ndio wakati nafuu kuliko wote wa kuweka behewa lenye nafasi ya kiti cha magurudumu, na sioni sababu ya kuungoja ulazima.

Mengineyo nayataja tu: asbesto ndani ya kuta na paa za zamani, michoro ya ujenzi isiyolingana na kilichojengwa, na kompyuta za uendeshaji ambazo kiwanda kimeacha kutengeneza vipuri vyake.

Ningechagua nini

Mtambo ukiwa mzima, vipuri vikipatikana, na hadithi ndiyo imechakaa au inaudhi watu, badilisha hadithi, mradi hadithi mpya haitaki mwendo au umati ambao mtambo hauwezi. Mtambo ukiwa umechoka lakini watu bado wanaipenda bembea, weka mtambo mpya na uguse hadithi kwa mkono mwepesi. Vyote viwili vikiwa vimekwisha, bomoa, uokoe muziki na sanamu moja mbili. Pambo la msimu ni kwa bembea isiyo na tatizo.

Walio katikati, ambao mtambo wao una miaka 25 au 30 na hawana uhakika, wasiagize mchoro wowote wa wahusika kabla ya kulipia uchunguzi: vipimo vya nyufa kwenye chuma na viungo vyote, kupima jengo kwa leza, barua ya kiwanda inayosema vipuri vitapatikana hadi mwaka gani, na hesabu halisi ya watu kwa saa iliyochukuliwa siku ya msongamano badala ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Uchunguzi huo hufanyika kwa sehemu kubwa usiku na katika miezi ya wageni wachache, bila kuifunga bembea msimu mzima. Majibu yake yakionyesha reli imebakiza miaka mitano, mazungumzo ya hadithi mpya yasimamishwe hapo hapo, hata kama mhusika ameshapatikana na mkataba uko mezani unangoja sahihi.